Nzuri, Ila

Kariakoo, Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Sikuulizi hali, maana nakusikia. Uko uani unagombana na pampu, na kwa maneno unayoiambia naona unadhani baba yako amelala. Sijalala. Nimeketi kitandani na daftari la karakana juu ya goti, mlango nimeutia komeo, na mama yako ameshapita mara mbili kuuliza kama naumwa. Nimemjibu kwamba natafuta soksi. Mtu anatafuta soksi saa nzima, na mama yako kaamini! Au kajifanya kaamini, kwa mama yako huwezi kujua.

Kesho asubuhi unaondoka. Peke yako, kwa baiskeli, kutoka hapa Kariakoo mpaka kule Mchinga, ukiifuata pwani ya kusini yote. Ulipewa waranti ya serikali ya kupanda basi bure, ukaikunja ukaiweka. Ukasema shule inafunguliwa baada ya majuma matatu, na basi litakufikisha kwa siku mbili bila kuona kitu zaidi ya kisogo cha abiria wa mbele. Unataka kuoga baharini Somanga. Unataka kuyaona magofu ya Kilwa kwa macho yako. Unataka kuingia kwenye kituo chako cha kazi ukiwa na vumbi la njia nzima. Siku uliyosema maneno hayo nilijifanya natafuta spana chini ya benchi, kumbe nilikuwa nacheka kwa furaha.

Shangazi yako Tatu hakufurahi. Alikuja mbio kutoka Buguruni, kanga moja begani na nyingine inaburuta.

"Kaka, umerogwa au umezeeka?"

"Vyote viwili, kidogo kidogo."

"Mtoto wa kike, peke yake, mpaka kusini huko! Na pale Rufiji akikutana na simba?"

Ukadakia wewe kutoka chumbani: "Nitampigia kengele, shangazi, apishe njia!"

Shangazi yako akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi akacheka mpaka machozi, kisha akakasirika upya kwa sababu umemchekesha. Lakini jana kaleta kibuyu cha asali na kusema ni kwa ajili ya nguvu za miguu. Balozi wetu wa nyumba kumi naye amekuandikia barua ya utambulisho, na humo amesema wewe ni "raia mwenye tabia njema na breki nzuri". Nilimwomba aondoe hizo breki. Akakataa, akasema breki amezipima mwenyewe na tabia ameisikia tu kwa watu.

Sitakuandikia namna ya kubandika kiraka, wala wakati wa kunywa maji, wala jinsi ya kufunga mzigo kwenye keria. Hayo unayajua kuliko mimi. Tairi la nyuma unajua lilipatikanaje. Ulipanga foleni siku mbili, jiwe lako likakushikia nafasi ulipokwenda kula, na mzee mmoja akataka kulisogeza ukamwambia jiwe lile lina jina. Kaskazi inavuma, itakusukuma mgongoni njia nzima, kwa hiyo hata upepo uko upande wako. Ninachotaka kukuandikia ni kitu kingine. Ni habari ya neno moja dogo, na jinsi baba yako alivyolipita mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kichekesho. Ya pili si kichekesho, na nitafika huko, usinikimbize.

Unajua kwamba nilikuja mjini kwa baiskeli, kabla ya uhuru, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Lindi. Hiyo nimekusimulia mpaka umechoka. Umeshawahi kumwambia mteja mbele yangu, "Ukimpa nafasi atakuhadithia Lindi mpaka Dar, na baiskeli yako itakaa wiki." Lakini nimekuwa nikiiruka sehemu moja, na sasa ndiyo nakupa.

Masika ilikuwa imekwisha karibuni. Kusi ilikuwa mgongoni, njia imekauka, na mimi nimepania kufika Dar es Salaam kwa siku chache kuliko kijana yeyote wa Lindi. Nilikuwa nasalimia watu bila kushuka. Kengele, shikamoo, habari, kwaheri, vyote kwa pumzi moja. Nyuma kwenye keria nilikuwa na furushi la pweza mkavu ambalo bibi yako alilifunga kwa mikono yake, zawadi ya ndugu zetu waliokuwa wakiishi mtaa wa Gerezani huku mjini. Kabla ya kufika Somanga nikamkuta mama mmoja kando ya njia anaanika muhogo.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Habari za utokako?"

"Nzuri! Za mbele?"

"Nzuri..."

Nikawa nimeshampita. Njia ilikuwa inateremka na mimi nakanyaga pedali kwa nguvu zote. Nyuma yangu nikamsikia akipaza sauti: "Ilaaa! Ilaaa!" Sasa wewe mwenyewe fikiria, upepo masikioni, cheni inapiga kelele, na mtu anaita kwa mbali. Mimi nilisikia "hela". Nikasema moyoni, watu wa huku hawana haya, salamu moja tu na hela juu? Nikageuza shingo nikamjibu kwa sauti kubwa: "Sina, mama!"

Chini ya ule mteremko palikuwa na kijito, na juu ya kijito palikuwa na daraja la magogo. Yaani palikuwa nalo kabla ya masika. Nilipogeuza uso mbele nikaliona daraja lilipoishia, na sikuona zaidi kwa sababu nilikuwa tayari hewani. Baiskeli ikaenda kushoto, mimi nikaenda kulia, na pweza akaondoka na maji kurudi baharini kwao. Kilichoniuma zaidi ni pweza. Uma wa mbele ulikunjika kama kijiko cha bati.

Nikapanda mteremko ule kwa miguu, nimebeba baiskeli begani, matope mpaka kwenye nyusi. Mama yule alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni.

"Mwanangu, nilikuambia nzuri, ila daraja limekwenda."

"Mimi nilisikia hela, mama."

Akanitazama. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaketi katikati ya muhogo wake aliouanika. Akawaita wanawe waje wamtazame kijana aliyesikia hela. Akasema, "Nikashangaa mimi, namwambia ila, ananiambia hana. Na kweli huna. Masikio huna!" Kwa siku mbili nilizokaa kwake nikinyoosha uma, kila aliyepita njiani aliletwa kunisalimu, na kila mmoja aliniuliza kama sasa nimezipata. Nilikula ugali wa muhogo na samaki wa kuchoma, nikalala kwenye mkeka wao mzuri, na sijawahi kuaibika kwa raha namna ile.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kijitoni. Alisema hivi, na nimeyakumbuka kwa sababu aliyasema huku akinitoa tope lililokauka nyuma ya sikio: "Sisi mtu hatumwanzii na baya. Tunampa nzuri kwanza, apumue. Lenyewe linakuja nyuma. Sasa wewe unachukua nzuri na kukimbia nayo, utajua nini?"

Unaona, mwanangu, ndivyo tulivyo. Mtu amefiwa, ukimuuliza habari za nyumbani atakuambia nzuri. Nyumba imeungua, nzuri. Mtoto hajala tangu jana, nzuri tu, ila. Watu wa nchi nyingine sijui wanafanyaje, labda wanaanza moja kwa moja na moto. Sisi heshima yetu iko kwenye ile nzuri, na ukweli wetu uko kwenye ila. Kwa hiyo huko njiani ukisalimiwa, shuka. Weka mguu chini, shika usukani, umtazame mtu usoni mpaka amalize. Na wanafunzi wako watakuamkia kila asubuhi, utawauliza hawajambo, watajibu kwa pamoja kama kwaya. Wewe ngoja kidogo.

Tangu siku ile ya kijito nilijiona nimefunzwa. Njia nzima iliyobaki, Ndundu kwenye kivuko, Kibiti, Mbagala, nilikuwa nikishuka kwa kila mtu. Niliwachosha watu kwa kushuka. Mjini nako nikawa na sifa hiyo, fundi anayesikiliza. Mteja akisema baiskeli ni nzima, mimi naweka spana chini na kungoja aseme ila. Nilijifunza barabarani, nikajifunza karakanani. Nyumbani nikasahau.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na mkono umeshaanza kuwa mzito.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Umemaliza darasa la saba, unasubiri majibu, na sisi sote tunajua utachaguliwa isipokuwa wewe. Wiki ile mimi nilikuwa na jambo langu. Mafundi wa Gerezani tulikuwa tumepanga mashindano yetu wenyewe ya baiskeli, kwenda Pugu na kurudi, na mimi, mtu mzima mwenye kitambi kinachochipuka, niliamua kushindana. Nilikuwa nimeunda baiskeli kutokana na baiskeli nne. Fremu ya moja, magurudumu ya nyingine, usukani sijui wa nani. Nilikuwa naiota.

Jumanne jioni nilirudi nyumbani, nikamuuliza mama yako kama kawaida, "Habari za hapa?" Akasema, "Nzuri, ila..." Nikamwambia, "Hiyo ila ngoja nioge kwanza." Nikaoga, nikala, nikatoka kwenda kuangalia magurudumu. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi akasema, "Nzuri, ila kuna kitu nimekuwekea chini ya redio, hukikosi hapo." Nikasema sawa. Nilisema sawa, Zuhura, nayakumbuka maneno yangu, lakini hata sikuwa nimemsikia. Akilini mwangu nilikuwa napanda kilima cha Pugu.

Usiku huo usukani ukaanza kucheza. Ulikuwa mwembamba kuliko mshikio wake, na kila nikikaza ulizunguka. Bati la kujazia sikuwa nalo, na maduka yamefungwa. Nikaangaza chumbani nitafute karatasi ngumu, nikaona ncha ya bahasha ya kaki chini ya redio. Nikaivuta. Nilidhani ni ile bahasha ya zamani ya kodi ya nyumba. Sikuifungua. Niliikunja, nikaizungushia kwenye usukani, nikakaza nati, nikachukua kisu nikakata kilichobaki nje. Ilikaa vizuri sana. Niliisifu.

Jumamosi nilishika nafasi ya tatu. Unakumbuka jinsi nilivyojisifu, nikapita na baiskeli mabegani mtaa mzima. Kumbe Ijumaa iliyotangulia ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha shuleni fomu iliyokuwa ndani ya bahasha ile, ikiwa imetiwa saini ya mzazi, na kwa ile sawa yangu mama yako aliamini nimeshaipeleka. Nimekwenda Pugu na kurudi na shule yako ya sekondari ndani ya usukani wangu.

Jumatatu mwalimu mkuu akaja mwenyewe kuuliza kulikoni. Nafasi ilikuwa imeshapewa msichana mwingine. Ulivyolia siku ile sitaki kuandika. Mama yako alipindua chumba, godoro, sanduku, unga akaumwaga sinia nzima kwa kuutafuta ule waraka. Aliapa aliuweka chini ya redio. Na mimi nilishangaa pamoja nanyi, mwanangu, naomba uliamini hilo moja. Siku ile nilikuwa sijui. Nilimwambia, "Labda uliuweka pengine ukasahau," na nilisema kwa upole kabisa, nikijiona mume mwema.

Baada ya wiki mbili nikabomoa ile baiskeli nirudishe vipuri kwa wenyewe. Nilipofungua nati, karatasi ya ndani ya bahasha ikafunguka taratibu mkononi mwangu, imekandamizwa kama chapati. Nikasoma jina lako lote, na chini yake neno "amechaguliwa". Herufi zilikuwa zimeshika grisi lakini zinasomeka.

Nikakaa chini. Ungenijia wakati ule ningekuambia, najua ningekuambia. Lakini hukuja, na nikapata nafasi ya kufikiri, na mawazo yangu siku ile hayakuwa mazuri. Mama yako alikuwa ameshakubali. Mbele yako na mbele ya mwalimu mkuu alisema, "Basi nimeipoteza mimi." Nikaona kosa limeshapata mwenyewe, kwa nini nilitafutie mwingine? Nikaitupa ile karatasi kwenye jiko la mkaa la karakana. Iliwaka haraka kwa sababu ya grisi.

Miaka saba sasa. Ukaja karakana kwa sababu hukuwa na pa kwenda, ukakaa mlangoni juu ya kreti, hukusema neno mwezi mzima. Kisha siku moja ukanyoosha mkono ukagonga spoku za gurudumu nililokuwa nimelining'iniza, ukasema, "Hii moja inaimba vibaya." Na kweli ilikuwa imelegea. Ndani ya mwaka ulikuwa unanyoosha rimu kwa masikio, na watu wa ofisi waliokuwa wakija na mashati yao meupe walikuwa wakiuliza, "Fundi yuko wapi?" na mimi nakuonyesha kwa kidole, wanadhani natania. Yule bwana aliyegoma kukuachia baiskeli yake, ukamwambia aipeleke kwingine lakini asipite Msimbazi kwa sababu gurudumu la mbele litamwacha pale! Lilimwacha palepale Msimbazi. Alirudi kaibeba begani, akakuamkia shikamoo kwa kuchanganyikiwa.

Miaka ile mitatu uliyokaa nami karakanani ilikuwa miaka ya furaha kuliko yote niliyopata kazini. Nasema wazi. Na kila siku ya furaha hiyo nilikuwa najua nimeipataje. Ukaja mpango wa ualimu kwa waliomaliza darasa la saba, ukaomba, ukapata, umefundisha Temeke huku ukijifunza, na leo wewe ni mwalimu kamili. Watu wananiambia, unaona, mambo yamekuwa mema. Yamekuwa mema kwa sababu yako. Mimi sina hisa humo. Ulitaka kuwa daktari, ulikuwa ukiwafunga bendeji kuku wa jirani, na hilo sitalisahau hata ukiwa mwalimu mkuu wa nchi nzima.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Siku ile barua yako ya kazi ilipokuja ulitusomea hapa chumbani, sote tukapiga vigelegele, shangazi yako akapiga viwili zaidi. Mama yako akafuta mikono kwenye kanga, akanyoosha mkono aishike tu. Ukasema, "Acha mama, nitaiweka mwenyewe." Hukusema kwa ubaya. Umekuwa ukisema hivyo miaka saba, kwa kila karatasi, cheti cha kuzaliwa, kadi ya hospitali, mpaka tiketi ya mpira. Una kopo lako la biskuti lenye kufuli. Mama yako akaurudisha mkono, akauangalia kama una uchafu, akaufuta tena.

Nilimwona, Zuhura. Wewe ulikuwa umegeuka. Mama yako kwa miaka saba amejiona ni mtu asiyeweza kuaminiwa na karatasi, na aliyemfanya hivyo ni mimi, niliyekuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake nikitabasamu.

Mpango wangu ulikuwa huu. Niandike barua, niitie kwenye mfuko wa vifaa chini ya kiti cha baiskeli, chini kabisa pamoja na viraka, uikute siku ukipata pancha ya kwanza. Labda Kibiti, labda ng'ambo ya Rufiji. Uisome ukiwa mbali, ukasirike ukiwa mbali, na hasira ipungue kilomita kwa kilomita mpaka Mchinga. Nilijiambia ni kwa ajili yako, usiharibikiwe na siku ya mwisho. Nilikuwa nimeshaandika mpaka hapa ndipo nikaona ninachofanya. Ungeagana na mama yako kesho mlangoni kwa ule ubaridi wenu wa adabu, na mimi nimesimama pembeni najua, tena.

Nikaweka kalamu chini. Nikatoka.

Sasa nimerudi, na viatu vyangu vimelowa. Nitakueleza.

Mama yako alikuwa jikoni pale uani anaosha vyombo, wewe ulikuwa umekwenda dukani kwa mafuta ya taa. Nilimwambia yote, nimesimama wima, kuanzia ile Jumanne. Hakunikatiza. Alikuwa na sufuria mkononi akaendelea kuisugua palepale mahali pamoja mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Ile bahasha ya kaki?" Nikasema ndiyo. "Kwenye usukani?" Ndiyo. "Ya yale mashindano uliyoshika nafasi ya tatu?" Ndiyo.

Nilidhani atalia, na kweli machozi yalimtoka, lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Mimi nilikuwa nasali ili nikumbuke nilipoiweka," alisema. "Miaka yote hii. Nilifikiri akili yangu ina kasoro, nikawa siogopi kingine kama kupewa kitu nikuwekee."

Nikasema nisamehe. Akasema, "Mimi usinianze. Mwambie mtoto." Nikamwambia kwamba naandika barua, utaisoma njiani. Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu tuoane. "Leo," akasema. "Akiwa hapa. Nikiwa hapa." Halafu akainua beseni la maji machafu akayamwaga, na ua ule wote ulivyo mkubwa, maji yakaipata miguu yangu. Siamini kama ilikuwa bahati mbaya. Nilipokuwa naondoka akaniita, nikageuka kwa matumaini. Akasema, "Nafasi ya tatu!" na akarudi kwenye sufuria yake.

Nikacheka peke yangu koridoni, kisha nikalia kidogo, mtu mzima, nimeegemea ukuta. Nimejisikia mwepesi na nimejisikia vibaya, vyote kwa wakati mmoja. Wepesi huo sikuustahili, lakini umekuja wenyewe.

Mwanangu, sikuombi msamaha kwa haraka. Wangu una njia ndefu, uubebe mpaka utakapochoka kuubeba, na hata ukiutupa kwenye kivuko cha Ndundu sitakulaumu. Lakini wa mama yako hauwezi kungoja mpaka likizo. Wala si msamaha, maana hakukukosea kitu. Ni wewe uliye na deni la kumtazama upya, na usiku ni mmoja. Kama utataka kunigombeza, nigombeze mbele yake, nitafurahi kwa ajili yake. Kama utataka kununa na kuondoka bila kuniaga, baiskeli nimeshaikagua, iko sawa, utaondoka salama na chuki yako.

Na ukifika Mchinga, ukatuandikia, naomba usituandikie kwamba habari ni nzuri ukaishia hapo kwa kutuonea huruma. Kama nyumba ya mwalimu haina paa, andika. Kama una upweke, andika. Kama bado umenikasirikia, andika hilo ukurasa wa kwanza kabisa, nitamsomea mama yako kwa sauti, yeye atanyamaza na mimi nitasoma mpaka mwisho.

Nakupenda sana. Sijawahi kukuambia kwa maneno kwa sababu karakana si mahali pa maneno hayo, na nyumbani nilikuwa na haya. Nimekuwa najivunia wewe mpaka nimekuwa kero kwa majirani. Kesho ukikata kona ya Msimbazi na kushika njia ya Kilwa, mafundi wote wa Gerezani watakuwa wamesimama nje, nimewaambia, hata wale wasionipenda.

Nasikia umerudi. Unamuuliza mama yako mbona macho mekundu, naye anakujibu moshi, wakati jiko halijawashwa. Sina tena cha kutafuta humu chumbani. Ninakunja karatasi hizi sasa hivi, nafungua komeo, ninakuletea mkononi hapo hapo jikoni mbele yake, na sitakaa chini wala kwenda popote mpaka umalize kusoma.

Baba yako,
Selemani